Tundu la Shingoni mwa Lucinda

Lucinda Medeiros alizaliwa na tundu shingoni, dogo kama kichwa cha pini, na akishikwa na mafua, tundu nalo hutoa kamasi. Pale Fall River, Marekani, Wareno wote wa mtaani waliijua sababu: mama yake, Bi Idalina, alifakamia ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, alipokuwa mjamzito, ndipo mtoto akatoka na matamvua ya samaki, yale ya kupumulia.

Tangu hapo Bi Idalina hakugusa ng'onda. Kila Krismasi wenzake wanajilamba vidole, yeye anatafuna viazi. Roho ilimuuma Lucinda, na kwa kuwa kazi yake ya miaka thelathini ilikuwa kufungua mayai ya kuku katika maabara ya chuo, kuchunguza viinitete, akaapa kumwondolea mama yake lawama hiyo.

Siku moja alimwalika maabara, akaandaa mayai matatu yaliyoatamiwa siku tatu, yamelala ubavu, juu yake alama ya penseli kuonyesha kiinitete kilipo. Bi Idalina akaingia, akachukua moja, akalitikisa sikioni kama yuko sokoni.

"Hili viza." Akatikisa la pili. "Na hili viza. Wamekupunja, mwanangu."

"Mama! Weka chini! Umeshaniulia wawili!"

La tatu Lucinda alilikumbatia. Akakata kidirisha kwenye ganda, akapenyeza wino mweusi chini ya kiinitete kipate kuonekana, akamvuta mama yake kwenye hadubini. Moyo mwekundu ulikuwa unadunda, na shingoni, chini ya kichwa kikubwa, nyufa zimejipanga.

"Sote tulikuwa nazo, Mama. Mimi, wewe, hata padri. Nyama iliyo kati ya nyufa ndiyo inayokuwa taya, masikio, koo. Halafu nyufa zinaziba. Wangu mmoja ulizembea tu."

Bi Idalina hakutoa jicho kwenye hadubini.

"Mama yake kuku huyu alikula nini?"

"Mahindi."

"Ng'onda hakuonja?"

"Hata harufu yake haijui."

Kikongwe akalia, kisha akapandwa na hasira. "Miaka hamsini na minne ya viazi vitupu!"

Krismasi ile alimaliza sahani mbili za ng'onda bila kuinua kichwa. Kaka yake Lucinda aliponyoosha mkono kwenye kipande cha mwisho, mama alimchapa kwa uma.

"Toa mkono! Ndiyo kwanza nafidia Krismasi ya kwanza. Bado hamsini na tatu."