Mlio Juu ya Mabati

Juzi mume wangu aliiongezea helikopta ya mchezo wake wa kompyuta vipimo vipya vya rubani na sauti ya injini. "Sikia, sasa iko kama ya kweli kabisa," akasema, na vioo vya dirisha vikatetemeka.

Nikamwomba azime. Alasiri moja huko Mbugangari, nikiwa mtoto, mlio kama huo ulipita juu ya mabati yetu ukielekea Goma kwenye mapigano, ambako baba alikuwa amekwenda kuuza vitenge. Mama alinivuta chini ya kitanda. Maharage yakaungua jikoni, tukabaki kunusa tu. "Papa yako iko kule," alininong'oneza, mwili wake wote ukitikisika. Nilidhani anacheka kwa kuwa helikopta inakwenda kumleta baba, basi nami nikacheka kwa nguvu.

Baba hakurudi. Mama hajawahi kunikumbusha kicheko kile.