Namba za Siri za Nekesa

Hili sikusimuliwa na mtu. Lilinipata mwenyewe, hapa Kitale, mchana kweupe. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize.

Nafanya kazi katika ofisi ya kompyuta ya chuo fulani. Muhula uliopita mkubwa wangu aliniagiza niwahoji wanafunzi wapya: mtandao unawasumbua wapi, nani bado hajaweza kuingia kwenye akaunti yake. Nikaona ni kazi ya kukaa tu. Nikaketi kwenye chumba cha kompyuta na fomu zangu.

Akaja msichana, sweta yake ya kijani imelowa chepechepe, na nje jua linawaka. Niamini, niliona, nikapuuza. Akasema anaitwa Nekesa, kwao Mabanga, kule Bungoma.

"Sijawahi kuingia hata siku moja, mwalimu. Namba za siri zinaendanga kwa simu ya mama."

Shida hiyo naijua. Wengi hujisajili kabla hawajapata simu, wanaandika ya mzazi. Basi ukijaribu kuingia ukiwa Kitale, namba zinafika Mabanga, na baada ya dakika kumi hazifai tena.

Nikambonyezea kitufe cha kuomba namba. Akakodolea kompyuta macho kwa hamu, mpaka nikamhurumia. Nikasema ngoja nimpigie mama atusomee.

Mama alipokea papo hapo. "Ni wewe unatumanga hizi namba?"

"Ndiyo, mama. Niko na Nekesa hapa."

"Mwalimu, Nekesa si tulimzika? Wiki ya kwanza tu ya chuo. Mtu wa kompyuta alimwambia arudi nyumbani alete barua yangu na kopi ya kitambulisho, ndio wambadilishie namba. Pikipiki ikateleza kwa mvua, hapa tu karibu na nyumbani."

Nikageuka. Kiti kilikuwa kitupu, kimelowa maji.

Huyo mtu wa kompyuta ni nani, kama si mimi? Wiki ile niliwarudisha wangapi wakalete barua? Foleni ilikuwa ndefu, nami nilikuwa na njaa. Uso wake wa siku ile siukumbuki kabisa, na hilo linaniumiza kuliko yote. Kumpigia mama yake kulinichukua dakika moja. Dakika moja tu, jamani!

Nikamwambia mama nitaifunga akaunti. Akalia. "Usifunge, mwanangu. Zikikuja nazisomanga kwa sauti. Labda anasikia."

Sijaifunga. Hadi leo, siku kadhaa kila wiki, akaunti ya Nekesa huomba namba kutoka kompyuta isiyo na mtu mbele yake. Nikiona hivyo natoka nje kwenda kulia chooni, mtu mzima mimi.

Nawe unayekaa nyuma ya meza popote, mtoto mgeni akikwambia ameshindwa, mtazame usoni. Usimrudishe. Msaidie akiwa bado amesimama hapo.

Sikumwambia mama kwamba mtu yule ni mimi. Nilijaribu, nikaishia kumpa pole tu. Naye, kabla hajakata simu, akanishukuru kwa kumjali binti yake.