Uzi wa Kioo na Bakuli la Mama

Uvumi ulianzia saluni, ukafika hadi kwenye cherehani ya mama: eti fundi mmoja wa mji wa jirani alimeza kipande cha uzi wa kioo, kikatembea kwenye damu mpaka moyoni. Mchana mama aliupuuza. Jioni ukamrudia. Kulipokucha akapika, akafunga bakuli kwa kitambaa, akamfuata binti yake kazini.

Saa nne asubuhi, binti ameinama ndani ya hema dogo kando ya barabara. Ni fundi wa manispaa. Anaunganisha mkongo wa intaneti ya umma, nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Anamenya, anafuta, anakata, kisha mashine inachomelea.

"Kula kwanza, mwanangu." Mama anatua bakuli mezani, analifunua.

"Mama! Usiguse!" Binti analinyakua, chakula chote kinaishia kwenye mfuko wa taka.

Mama anavimba. "Nimeamka alfajiri, halafu unanimwagia mbele za watu?"

"Watu gani, mama? Humu tuko sisi na mashine."

Binti anamulika tochi mezani. Pale bakuli lilipokaa, vipande vya kioo vinametameta juu ya mkeka mweusi. Mama anakaa chini bila kuambiwa.

"Kumbe ni kweli! Acha kazi hii leo hii."

"Hiyo ya moyoni, kila anayeisimulia kaisikia kwa mwingine. Ila vipande hivi vinachoma, vinakatikia ndani ya ngozi, na vikiingia jichoni ni balaa. Ndiyo maana hatuli hapa. Miaka sita nimechomwa mara moja tu, tena kwa haraka zangu."

Mama anaifikiria cherehani yake. Tangu mkongo ufike mtaani kwake, anawapima wateja wa mbali kwa video. Kampuni ya intaneti iliyokuwa peke yake mjini, ambayo watu waliibembeleza, sasa mawakala wake wanabisha hodi na kasi wameongeza wenyewe. Ofisi nzima ya kupokea simu imehamia hapa kutoka mji wa jirani, nao huko sasa wanachimba mitaro ya mkongo mbiombio.

"Labda uvumi wenyewe ni wivu wao," mama anasema.

"Sasa umeanza kucheka. Mimi nataka kufika mtaa wa juu kabla ya mvua. Zahanati ya kule bado inatuma majibu ya vipimo kwa pikipiki."

Tangu siku hiyo mama hajasema "acha" tena. Amemshonea binti aproni nyeusi isiyo na mifuko, vipande visipate pa kujificha. Na kwa wazazi wenzake wenye watoto mafundi, ameandika haya:

Usipanguse meza kwa kiganja.

Usichungulie ncha ya uzi. Mwanga wake hauonekani, lakini unaumiza jicho.

Vipande visitupwe ovyo. Viwekwe kwenye chombo chenye kifuniko.

Usichimbe mbele ya nyumba kabla ya kuuliza manispaa, mkongo umepita chini.

Fundi asipakate mtoto akiwa na nguo za kazini.

Usimpelekee chakula mezani. Msubiri nje, anawe, ndipo umkumbatie.