Jani la Isale kwa Diwani Filemon

Elifuraha wa Uru hakujua kukaa. Hata kanisani, mahubiri yakirefuka kidogo, goti lake lilianza kutikisika mpaka benchi zima likamgeukia. Mkewe Yuditha alikuwa akisema ameolewa na cherehani.

Lakini kazi ndiyo iliyomfanya hivyo. Tangu mwaka wa uhuru alikuwa dereva wa gari la zimamoto la mji wa Moshi, gari moja tu, kuukuu, lenye betri isiyoaminika. Lililala kwenye banda la mabati upande wa juu wa soko, nalo aliliegesha mteremkoni, jiwe kwenye tairi, ili moto ukitokea aondoe jiwe, gari liserereke, ndipo liwake. Mji mzima ulilindwa kwa jiwe na mteremko! Watu walilala usingizi wao. Yeye alilala jicho moja wazi.

Basi siku moja ya soko, mwaka 1966, stoo ya mbao ya mfanyabiashara mmoja, Filemon, ikashika moto. Elifuraha akaondoa jiwe, gari likaserereka, na pale chini akakuta akina mama wametandaza mikungu ya ndizi njia nzima. Akakanyaga breki. Ungefanyaje wewe? Gari likagoma kuwaka, ikabidi lisukumwe, na alipofika stoo ilikuwa majivu. Filemon aliweka kinyongo, na alipochaguliwa diwani akasema: maadamu yeye yu hai, zimamoto haitapata hata msumari.

Mwaka 1969 ukaja mpango wa jengo jipya, zimamoto na polisi chini ya paa moja, milango ikifungukia barabara kuu. Serikali ingetoa nusu, baraza la mji nusu, na wananchi wangebeba mawe na mchanga. Kilichokosekana ni kura. Mara mbili madiwani waligawanyika sawa kwa sawa, na Filemon ndiye aliyekuwa akiongoza wapinzani. Kikao cha tatu kingekuwa Alhamisi. Ofisi ya mkoa ilitaka jibu Ijumaa kabla ya saa tisa, la sivyo fedha zipewe mji mwingine.

Wiki ile Elifuraha hakushikika. Alipalilia kahawa iliyokwisha kupaliliwa, akashuka mjini mara mbili bila shughuli. Ndipo Yuditha akamwambia ampelekee Filemon isale.

Hapo alikasirika kweli. Amekosa nini yeye? Angewakanyaga akina mama wa watu? Yuditha akamjibu kwamba isale haliulizi nani alikosa. Na ni kweli, mlimani kila mtu anajua: mtu akikujia na jani la isale lililofungwa fundo, humnyimi amani, hata kama alikuchomea nyumba. Jumanne asubuhi Elifuraha akakata jani mpakani mwa kihamba, shamba lake la ukoo, akalifunga, akalipeleka kwa Filemon.

"Mbe Filemon," akasema kwa heshima, akilishika kwa mikono miwili, "kwa siku ile, naomba amani."

Filemon alimtazama kwa hasira ya mtu aliyewahiwa, maana isale halikataliwi. Kisha akalipokea, wakanywa mbege, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu kimoja.

Alhamisi Filemon alisimama barazani, na kwa kuwa ni mtu mkweli, akaeleza kwa nini amegeuka: dereva amemjia mwenyewe na isale, yamekwisha. Mikono ikanyooshwa, jengo likapita. Karani wa baraza, mtu wa Mtwara, akamuuliza jirani yake isale ni nini, akajibiwa ni jani la kuomba radhi. Naye akaandika kwenye kumbukumbu alivyoelewa: dereva amekiri uzembe ulioleta hasara. Na aliyekiri uzembe, kanuni zilisema, hakabidhiwi tena gari la umma.

Ijumaa saa nane, baada ya kuzisoma kumbukumbu, Filemon alimshika Elifuraha mkono, wakaingia wote kwa karani. Filemon alitaka maneno yale yafutwe. Karani, wala hakuwa na ubaya, alisema yanafutika, ila kikao kiitishwe upya baada ya siku saba, na azimio lote lingoje hapo mezani, saa tisa ya mkoa ipite.

Elifuraha alizunguka chumba kile mara mbili. Aliona uchungu, akaona na aibu ya kosa ambalo si lake.

"Lipelekeni kama lilivyo," akasema.

Filemon akalichukua azimio, akalipeleka mwenyewe ofisi ya mkoa.

Jioni Yuditha alimpokea na maswali. Akamwambia jengo limepita. Alifurahi sana mama wa watu, akasema si unaona, si nilikuambia? Elifuraha akaitikia kwamba ndiyo, isale limefanya kazi, na lililobaki hakulisema, kwa sababu shauri lilikuwa la mkewe. Jumatatu akavaa koti la kazi, akaaga kama kawaida, akateremka mjini kutembea mpaka jua lizame.