Nyusi za Mama Mkwe

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anatinda nyusi Kibaha, kwenye saluni ya chumba kimoja karibu na barabara ya Morogoro. Nikitoka shuleni ninakofundisha napenda kupita pale nimtazame. Anauma ncha ya uzi kwa meno, anaupitisha juu ya jicho la mteja, na vinywele vinang'oka kimoja baada ya kingine. Mteja anatokwa machozi, kisha anajitazama kwenye kioo na kutabasamu. Miaka yote hii sijachoka kuitazama ile mikono.

Mama yake hakuipenda kazi hiyo. Ni mkulima wa mihogo huko Marui, Kisarawe, mwanamke wa swala tano, na kwake kutinda nyusi ni kupunguza alichoumba Mungu. Kila tulipokwenda kumsalimia alimuuliza bintiye, "Bado unawang'oa wenzio?" Wifi alicheka tu, akauliza habari za shamba.

Halafu mama akaugua. Matibabu aliyopewa mjini yalimponya, lakini yaliondoka na nywele zake zote. Za kichwani hazikumsumbua, kwa kuwa ushungi ulifunika. Kilichomuumiza ni nyusi.

"Watu wananitazama, wananipita," aliniambia. "Jirani niliyekua naye kaniamkia shikamoo! Kadhani mgeni."

Akaacha kwenda sokoni. Akaacha hata kwenda misibani, jambo ambalo kwa Marui si dogo.

Ikafika harusi ya mwanawe wa mwisho. Tulifika asubuhi, wanawake uani wanachambua mchele na kukuna nazi, mwenye shughuli haonekani. Tulimkuta chumbani, mlango kaurudishia.

"Nitamwona bibi harusi wageni wakishaondoka," alisema. "Msinisumbue."

Wifi hakubishana. Alitandika mkeka chini ya dirisha, penye mwanga, akafungua mkoba wake. Mama alipoona penseli ya wanja akageuza uso.

"Mambo yako ya mjini usiniletee."

"Mama, siku zote kazi yangu ni kupunguza," wifi akamwambia taratibu. "Leo narudisha."

Mama akajisogeza mkekani mwenyewe, akafumba macho.

Nilidhani wifi atachora ule upinde anaowachorea maharusi wa Kibaha. Sivyo. Aliichonga penseli mpaka ikawa kama sindano, akaanza kuchora unywele mmoja mmoja, mwingine umelala, mwingine umesimama, akipuliza vumbi la wanja kwa pumzi ndogo. Lakini alipomaliza niliona unyusi wa kushoto umepanda kidogo kuliko mwenzake, na wa kulia una pengo katikati. Nikajua mkono umeteleza.

"Wifi, hazilingani," nikamnong'oneza.

"Hazikuwahi kulingana," akajibu. "Na pale penye pengo alichomwa na kijiti cha mkorosho, akiwa msichana."

Nilikuwa mkwe wa nyumba ile miaka mingi, nimekula na yule mama sahani moja, na sikuwahi kuliona lile pengo. Wifi alikuwa nalo moyoni bila picha ya kutazamia.

Mama alipokea kioo kwa mikono miwili. Alijitazama muda mrefu. Kidole kikapita juu ya pengo bila kuligusa.

"Ndiye," alisema. "Ndiye mimi."

Kisha akasimama. "Sasa mmekaa mnangoja nini? Wageni wanapokelewa na nani? Nipeni khanga zangu."

Alipotokea uani, yule jirani ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona. Aliacha mbuzi ya nazi, akapiga kigelegele mpaka watoto wakaja mbio. Mchana kutwa mama alizunguka, akakaribisha, akacheza na mawifi wa bibi harusi. Jua lilipopamba moto, wifi alimfuata na leso, akimkausha jasho la kipaji cha uso taratibu, asiguse wanja. Nilimtazama nikaona fahari, kana kwamba ni dada yangu wa tumbo moja.

Nyusi zilirudi baada ya miezi, nyembamba, zimechanganyika na mvi. Wifi alimuuliza kama azijazie kidogo.

"Ziache," mama akasema. "Hizi kaleta Mwenyewe."

Wifi akazipaka mafuta ya nazi kwa ncha ya kidole, akazilaza kwa brashi ndogo, bila kuharakisha, na mama akapitiwa na usingizi akiwa amekaa vilevile, kichwa kwenye kiganja cha bintiye.