Mfuko Nilioutundika Nyuma ya Kiti cha Dada

Mimi ndiye niliyemwangusha dada yangu. Siku aliyoanguka nilikuwa Igawa, mbali kabisa na Iringa, nimekalia tairi bovu kando ya barabara nakunywa chai. Lakini ni mimi. Naomba msinitetee.

Jina langu silitaji. Wanaonijua watanitambua tu, maana sisi wanaume wa miaka arobaini na ushee ambao hatuna kwetu si wengi. Nimekaa Tunduma, nimekaa Chunya, nimekaa Makambako. Nikiwa mahali, moyo unaniambia palikuwa pazuri kule nilikotoka. Nikirudi kule, nako nakuta si penyewe. Kazi yangu ni kushona maturubai ya malori. Nikiwa na sindano nene na uzi wa nailoni, nakula popote barabara inapopita.

Aliyenilea ni dada. Tulizaliwa Mbalizi. Mama akienda sokoni, dada alinifunga mgongoni kwa kanga, na yeye mwenyewe bado mtoto. Baadaye akaolewa Iringa, akafiwa na mume, kisha ugonjwa wa uti wa mgongo ukamchukua miguu. Anaishi Kihesa, chumba na sebule, na alikuwa akifuma masweta ya watoto wa shule. Kwa baridi ya Iringa, wateja hawakukosekana.

Alikuwa na jambo moja la kujivunia. Alikwenda mwenyewe! Ukishika kiti chake cha magurudumu bila kuambiwa, anakugeukia: "Nimekuomba?" Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu. Alizungusha magurudumu kutoka nyumbani mpaka sokoni kununua nyuzi, na kurudi. Watu walimpisha njia, "Kamwene, mama sweta!", naye aliitikia bila kusimama.

Nilipokwenda kumtembelea, aliniomba kitu kimoja tu.

"Mdogo wangu, wewe si fundi? Nishonee kamfuko. Kadogo. Hapa ubavuni, mkono wa kulia, niweke simu na donge la uzi. Nikiviweka pajani vinaanguka, naokotewa na watoto wa watu."

Nikacheka! "Kamfuko? Mimi ninayefunika malori nishone kamfuko ka simu? Subiri uone kazi."

Nilikuwa na kipande cha turubai la kijani kilichobaki kwenye kazi ya lori. Nikakata mfuko mpana kama mgongo wa kiti, wenye kina cha kumeza debe. Nikaweka zipu, vijifuko vya nje, na mikanda ya siti ya basi ya kuutundikia. Kisha nikautundika nyuma, kwenye vishikio vya kusukumia. Na kwa kuhofia wezi, nikaushonea hapo hapo. Mishono ya lori, ile isiyofumuka mpaka ukate kwa wembe.

Bi Zuhura, mwenye duka la ng'ambo ya njia, akatoka kutazama.

"He! Huo si mfuko, huo ni chumba cha wageni. Weka na pazia kabisa!"

Tukacheka wote. Dada naye alicheka. Halafu akageuza shingo, akanyoosha mkono nyuma. Vidole vikagusa ukingo wa mkanda, vikaishia hapo.

"Sasa mimi huko nafikaje?"

"Ukitaka kitu si unaniambia?"

"Na usipokuwepo?"

"Nitakuwepo."

Nilisema hivyo. Mimi!

Akanitazama. "Ndaga," akasema. Ndiyo asante ya kwetu, na kwa dada mara nyingi maana yake ni kwamba amechoka kubishana.

Sasa nikwambie kile nilichokuwa nakificha hata kwake. Kichwani nilikuwa na safari. Nilitaka nimpandishe basi nimpeleke Mbalizi, tukaione nyumba tuliyokulia, ingawa iliuzwa zamani. Nilishamgusia, akanijibu, "Nyumba ya watu tukaichungulie ya nini?" Nikajidai sikusikia. Ule ukubwa wa mfuko ulikuwa wa blanketi, chupa ya chai na nguo za kubadilisha. Dada aliomba mahali pa kuweka simu, mimi nikamshonea safari yangu.

Onyo nililipata, tena waziwazi. Tulikwenda sokoni, mimi nikisukuma, tukajaza viazi na kabichi. Wakati wa kurudi, pale kizingitini, magurudumu madogo ya mbele yakainuka.

"Wee! Kinanivuta nyuma!"

"Egemea mbele kidogo. Utazoea."

Nilikuwa nimeshika vishikio. Uzito wote ulikuwa mikononi mwangu, nikaona ni jambo dogo. Sikujiuliza utakuwa mikononi mwa nani nikiondoka.

Na nikaondoka, kama kawaida yangu. Mwenzangu mmoja alipiga simu kwamba Igawa kuna malori yanasubiri fundi, na mimi miguu ilikuwa imeshaanza kuniwasha. Dada alinisindikiza mpaka kwenye mlango.

"Basi nitolee huu mfuko kabla hujaenda."

"Nikirudi nitaurekebisha. Gari linaniacha!"

Wembe ulikuwa mfukoni mwa koti langu. Nilikuwa nao siku zote, ndio wembe wangu wa kazi. Ilikuwa ni kukata mikanda na kwenda zangu. Sikukata.

Siku ile ya kuanguka alikwenda kununua nyuzi peke yake. Manyunyu yakaanza. Muuza nyuzi alipouona mfuko mzuri namna ile, akampakilia mzigo wote humo, na viazi alivyokuwa amenunua, na simu pia isiloane. Nani angekataa?

Kabla ya kufika kwake kuna kilima kifupi, njia ya nyuma ya kuta za watu, iliyochimbwa na maji ya mvua. Alikipanda mara nyingi kabla ya mfuko wangu. Safari hii alipojikaza kusukuma, magurudumu ya mbele yakainuka na hayakushuka. Kiti kikamlaza chali, bega la kulia likatangulia chini. Mfuko ukawa chini yake. Watu walikuwa ndani kwa ajili ya manyunyu.

Na mimi huku Igawa nikampigia simu!

Si kwa la maana. Mvua ilikuwa imegusa vumbi, ile harufu ikanikumbusha Mbalizi, nikataka kumwuliza jina la yule bibi aliyekuwa akituuzia karanga tulipokuwa wadogo. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Hapokei. Nikajisemea amenuna kwa sababu nimeondoka. Hasira zikanipanda, kwa nini kila nikitafuta maisha aninunie? Nikazima simu, nikaagiza chai nyingine.

Aliyemkuta ni Bi Zuhura, alipoona muda umepita na mlango wa dada bado umefungwa, akaamua kumfuata. Akaita vijana wa bodaboda wakamwinua. Akaitoa simu ya dada kwenye ule mfuko, akaona nilivyopiga, akanipigia mimi. Imezimwa. Akarudia wakiwa njiani kwenda hospitali. Imezimwa. Nilipoiwasha kesho yake na sauti ya Bi Zuhura kunifikia, hakunitukana. Aliuliza tu, "Mdogo wetu, simu yako ilikuwa wapi?"

Ningependa anitukane.

Nilimkuta dada kitandani, bega limefungwa. Nikaanza kulia na kuomba msamaha, akaninyamazisha. Halafu akaniambia maneno haya, polepole, kama mtu anayesimulia habari za mtu mwingine:

"Nilijua ni wewe. Simu ilikuwa inatetemeka kwenye mfuko, hapa chini ya shingo yangu. Nikawa nasema, piga tena mdogo wangu, piga tena, labda kuna mtu atasikia. Halafu ukaacha."

Jamani! Halafu nikaacha!

Bega liliunga vibaya. Mkono wa kulia haupandi, na vidole havishiki sindano za kufumia. Siku ya kwanza aliporudi kwenye kiti alijaribu kwenda mwenyewe. Alizungusha gurudumu la kushoto, kiti kikageuka. Akazungusha tena, kikageuka tena, mpaka akawa anatazama ukuta. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikashindwa hata kusogea.

Sasa naishi Kihesa. Ninamsukuma mimi. Nikishika vishikio hasemi tena "Nimekuomba?" Bora angesema! Kila asubuhi ninaposhika vishikio nasubiri lile neno, halitoki. Sokoni simu ya mtu yeyote ikiita bila kupokelewa, nageuka kutafuta aliyelala chini ya kuta.

Ule mfuko niliukata. Wembe ulihangaika, maana niliushona vizuri mno. Nikachukua kipande chake, nikapiga magoti mbele ya dada, na kwa mara ya kwanza nikauliza.

"Nikuwekee upande gani?"

Aliutazama mkono wake wa kulia.

"Kushoto," akasema. "Sasa ni kushoto."

Nikashona kamfuko kadogo, ka simu na donge la uzi, ingawa uzi wenyewe hana kazi nao. Nilimaliza kabla chai yangu haijapoa. Ndicho kinachoniua. Kazi yote aliyoniomba ilikuwa ya muda wa chai kupoa.

Wewe unayesoma haya, kama nyumbani kwako kuna mtu wa kiti cha magurudumu, na una mkono wa ufundi na moyo wa kusaidia, tafadhali! Muulize kwanza. Mwambie anyooshe mkono, na mfuko uishie pale mkono unapofika. Usitundike mzigo kwenye vishikio vya nyuma, hata kama wewe unayesukuma huuhisi. Na akikwambia "nitolee," toa saa hiyo hiyo, gari likuache. Usishone raha yako kwenye kiti cha mwingine, kama nilivyofanya mimi.

Siku hizi nikienda bombani kuteka maji nampigia. Sina la kusema, nataka tu nisikie simu ikipokelewa. Inaita kidogo, mkono wa kushoto unaifikia.

"Haya, nimeshika," ananiambia. "Uko wapi?"

"Niko hapa bombani, dada. Nakuja."

"Sawa. Usizime."