Kinu cha Ofisa Utumishi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, lango la kiwanda cha mashati nje kidogo ya mji wa Itauguá limefunguliwa nusu tu, lakini mchi wa Nimia Cabañas umeshaanza kazi. Amevaa sketi ya ofisini, kitambulisho kinaning'inia shingoni, na vidole vyake vimekuwa kijani.

"Laini ya tatu, leo nini?" anauliza bila kuinua kichwa.

"Jani la tumbo, Dada Nimia. Jana tulikuwa na harusi."

"Harusi ya nani siku ya Alhamisi? Sema ulilewa!"

Foleni nzima inaangua kicheko. Nimia anatwanga majani, anayatia kwenye jagi la maji ya barafu, na mjumbe wa laini ya tatu ya ushonaji anaondoka na maji ya tereré, chai baridi ya majani inayonywewa kwa mrija, watakayoinywa saa tatu wakati wa mapumziko.

Mgeni angedhani ni muuza dawa za miti shamba. La hasha! Nimia, mwenye miaka arobaini na mmoja, ndiye ofisa utumishi wa kiwanda hiki chenye wafanyakazi mia moja na themanini. Analipwa guaraní milioni nne kwa mwezi kushughulikia mafaili, likizo na barua za onyo. Kwa kutwanga halipwi chochote. Alianza miaka sita iliyopita, muuza majani wa langoni alipohamia kwa mwanawe na kumwachia kinu.

"Nilidhani nafanya hisani," anasema. "Kumbe nilikuwa nakisoma kiwanda."

Wafanyakazi hawamwambii mtu wa ofisini yanayowasumbua, ila jani wataomba. Mwenye hasira ataomba la ini, asiyelala ataomba la usingizi. Nimia huandika kwenye kidaftari laini na jani, bila jina la mtu. Mwaka juzi laini ya nne iliomba la figo siku nane mfululizo. Akaenda kuchungulia, akakuta msimamizi amefunga choo, ufunguo kautia mfukoni ili watu wasiache vyerehani.

"Fomu gani ingeniambia hilo?" anauliza, na hasira bado zinampanda.

Mwezi wa Mei alikuja mkurugenzi mpya, Derlis Achucarro. Aliona nusu saa ya tereré ni uvivu mtupu, akaifuta. Majagi yakapigwa marufuku. Kila mtu anywe maji yake kwa dakika kumi, arudi kwenye cherehani. Tangazo aliliandika Nimia, akalibandika kwa mikono yake.

"Niliogopa kumwaga unga," anakiri. "Nina binti wa miaka tisa, na kazi ya mume wangu ya matofali leo ipo, kesho haipo. Naona aibu mpaka leo."

Ndani ya wiki saba watu kumi na tisa wakafungasha virago. Kisha Eligia Bordón, mshonaji wa laini ya pili, akajipitishia sindano ya cherehani kidoleni. Alikuwa hajalala siku nne, akimuuguza mama yake, na ofisini hakuna aliyejua.

"Kinu kingekuwepo, angeniomba jani siku ya kwanza, ningempa ruhusa akalale," anasema Nimia.

Eligia, aliyesimama foleni na jagi la laini yake, hataki kusikia. "Jamani, kidole ni changu, mbona unanililia wewe?" Anakiinua hewani. "Kinashika mkate wa chipa vizuri tu!"

Kesho yake baada ya ajali ile, Nimia aliingia ofisini kwa mkurugenzi, ghorofani, na daftari.

"Hili ni la ofisi au la mganga?" Achucarro aliuliza.

"La ofisi, bosi. Soma laini ya nne."

Akasoma, akalifunga. "Irudishe hiyo nusu saa yako kwa miezi mitatu. Watakaoacha kazi wakizidi wanne?"

"Wa sita nitakuwa mimi. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika."

Mumewe, Cayo, alishika kichwa. "Umetuweka rehani kwa ajili ya majani?" Lakini lililomuuma zaidi lilikuwa jingine. "Unajua tumbo la kila mtu pale kiwandani. Mwanao aling'oka jino Jumapili. Umeliona pengo?"

Hakuwa ameliona. Kila akifika nyumbani saa mbili usiku, mtoto ameshalala. Likizo yake ya mwisho ilikuwa miaka minne iliyopita.

Leo, Ijumaa, miezi mitatu inakwisha. Walioacha kazi ni wanne. Barua ya Nimia imo mkobani tangu Agosti, pembe zimeshakunjika.

Saa tatu kengele inalia. Watu wanakaa uani kwa duara, kikombe cha pembe na mrija wake vinazunguka mkono hadi mkono. Mara Achucarro anateremka ngazi, karatasi mkononi. Nimia anakumbatia mchi. Karatasi hiyo ikiwa ni ya mtu wa tano anayeaga, basi na yeye amekwisha.

"Nusu saa inabaki," anasema mkurugenzi. "Nimesaini. Ile barua yako ichane."

Vigelegele! Eligia anamrukia Nimia shingoni, kinu nusura kipinduke. Lakini Achucarro haondoki.

"Kuna lingine, bosi?"

Anainama karibu. "Nitwangie la usingizi."

"Tangu lini hulali?"

"Tangu Mei."

Walio karibu wamesikia, na hakuna anayecheka. Nimia anatwanga taratibu, anamkabidhi kikombe.

"Jani nimekupa. Ila ukikaa huko juu hadi saa mbili, litakusaidia nini? Saa kumi zima taa, nenda kwako."

Nimia anafungua daftari, anaandika: *Ghorofani, usingizi, wawili.*

Achucarro anachungulia. "Wawili?"

"Na mimi ofisi yangu iko ghorofani, bosi."

Januari Nimia atachukua likizo, siku kumi na mbili, na fomu ameshaijaza. Kinu atakishika Eligia. "Anatwanga vibaya huyo," anatania, "ila anasikiliza."

Saa kumi jioni anatoka langoni, jua bado kali. Anageuka kutazama juu. Taa ya ghorofani imezimwa.

"Binti yangu anasema jino jipya limeanza kuchungulia," anasema, akitupa mkoba begani. "Safari hii nataka nilione likiota."